Wamenitengea bakuli: je, ni dharau?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Tanga. Niko Vadodara, jimbo la Gujarat huko India, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni na huku sina wa kumwambia.

Darasani nina rafiki wa Kigujarati, Mjaini kwa dini. Tangu nifike, yeye ndiye aliyenishika mkono: kanitafutia chumba, kanionyesha soko, hata laini ya simu tulikwenda wote. Mwezi wa kumi na moja akanialika kwao chakula cha mchana, siku ya Jumapili. Nikavaa vizuri, nikanunua keki kubwa dukani, nikaenda.

Tuliketi chini, kila mtu na sahani yake ya chuma inayong'aa, yenye vibakuli ndani. Katikati palikuwa na bakuli kubwa la mchuzi wa mbaazi zilizoparazwa. Mchuzi ulinikolea, nikaona nisiwasumbue kuniongezea. Nikamega chapati, nikachovya palepale bakulini kama tunavyofanya nyumbani. Mama mwenye nyumba akanyamaza kidogo. Kisha akaliinua lile bakuli, akaliweka mbele yangu, akaniambia kwa Kiingereza nile, lote ni langu. Akaenda jikoni, akaleta bakuli jingine dogo, akaliweka upande wao. Shangazi, tonge lilinikwama kooni.

Nilipomaliza nilibakiza wali kidogo na kipande cha chapati, maana ndivyo nilivyofunzwa, mgeni hafuti sahani. Babu yao akaitazama sahani yangu. Halafu akamimina maji kwenye sahani yake, akazungusha kidole, akayanywa! Nikaona ananisuta. Nikainuka kusaidia kuosha vyombo, yule mama akanizuia mlangoni mwa jikoni. Nilipomwita “Mama” kwa heshima, mdogo wake rafiki yangu akaangua kicheko. Na keki yangu haikufunguliwa.

Desemba wakanialika tena, saa kumi na moja jioni. Nilichelewa kutoka maktaba, nikafika saa moja kasoro, giza limeshaingia. Nilikuta chakula kimefunikwa, hakijaguswa. Tukala mimi, rafiki yangu na mdogo wake tu. Babu alikaa kwenye bembea pale sebuleni akinitazama, na mama naye hakutia kitu mdomoni. Nikajiambia, haya sasa, hata kula na mimi hawataki.

Nilimsimulia mama yangu kwa simu. Akasema, “Usirudi tena kwa watu hao. Wanakuona najisi.” Na sasa wamenialika mara ya tatu, Jumapili ijayo. Rafiki yangu ananisihi. Nilikuwa nimefikiri niende niwapikie viazi karai vya kwetu, lakini roho inasita. Niende au nikatae kwa adabu?

Mwanao, Vadodara.

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonichoma zaidi ni yule babu kwenye bembea. Nianze naye.

Wajaini wanaoshika dini yao hawali baada ya jua kuzama. Wako wanaokunywa maji peke yake, na wako wenye kuweka nadhiri wanayoiita chauvihar: jua likishatua, hata tone la maji halipiti. Wengine asubuhi husubiri mpaka zitimie dakika 48 baada ya jua kuchomoza ndipo wafungue kinywa. Msingi wake ni kutodhuru kiumbe. Gizani huwezi kuona mdudu aliyetumbukia kwenye mchuzi, na taa yenyewe na moto huvuta vijidudu vikaungua. Wamelishika hilo tangu zama ambazo hakukuwa na umeme, na wazee hawajaliachia.

Desemba hapo Vadodara jua huzama karibu saa kumi na mbili kamili. Wewe umekulia Tanga, magharibi ya kwetu haisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo hukuwa na sababu ya kulifikiria hilo. Walipokwambia saa kumi na moja walikuwa wamepiga hesabu ya saa moja ya kula, mzee amalize, anawe, jua litue. Chakula ulikikuta kimefunikwa kwa sababu walikuwa wanakusubiri. Mzee hakutaka kumtangulia mgeni. Ulipobisha hodi saa moja kasoro, mlango wake wa kula ulikuwa umefungwa mpaka kesho yake. Alilala na njaa, na mama wa nyumba naye, na hakuna aliyekwambia neno, kwa kuwa huko mgeni haambiwi kosa lake. Kule kukutazama ulikokuona ni dharau, mwanangu, ni mtu mzima aliyekaa nawe ili usijione mpweke mezani pake.

Sikwambii haya nikuumize. Nakwambia kwa sababu kuchelewa ndiko kosa kubwa ulilofanya katika yote uliyoandika, na wala hukujua kuwa ni kosa.

Sasa bakuli. Niliishi mji huohuo miaka mitatu na nusu, na hili la bakuli lilinipata mimi pia, kwa kijiko. Nilichota mchuzi kwa kijiko nilichokwisha kutia mdomoni. Nikaona mikono mitatu iliyokuwa ikielekea bakulini imerudi taratibu. Hakuna aliyekunja uso.

Kihindi wana neno jhutha. Kusini, kwa Watamil, huitwa echil. Neno la Kiswahili lililo karibu ni makombo, ila sisi makombo ni yale yaliyobaki sahanini mtu akishaondoka. Kwao chakula kinakuwa makombo tangu kilipoguswa na mdomo, au na mkono ulio katikati ya kula, au na kijiko kilicholambwa. Chapati uliyoimega ilitoka kwenye vidole vilivyokwisha kwenda mdomoni. Ilipozama bakulini, bakuli zima likawa makombo yako. Mwingine hali tena. Kulimwaga ni dhambi kubwa zaidi, hivyo njia ya pekee ni wewe ulile. Yule mama angeweza kuligeuza jambo hilo kuwa fedheha. Badala yake akalifanya zawadi: hili lote lako.

Angefanya hivyohivyo kwa mwanawe wa kumzaa. Angalia siku nyingine watakavyokunywa maji: wanainua jagi au chupa juu, maji yanatiririka kinywani bila midomo kugusa. Baba na mtoto, wote wanakunywa hivyo. Mtu akimpa mwenzake kipande cha tunda, anakimega kabla hajakiuma.

Najua kwa nini inauma. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwenye sinia. Watu wanne, watano, mikono yote humo, na mama akikupenda anakumegea nyama kwa vidole vyake anakuwekea mbele yako. Kula pamoja ndio udugu wenyewe, na mtu anayekataa kula nawe sinia moja amekwambia jambo zito. Kwa hiyo ulipotengewa bakuli uliisikia lugha ya Tanga. Yule mama alikuwa anasema lugha nyingine, na ndani ya lugha yake kila kitu alichofanya kilikuwa cha upole.

Lakini mama yako nyumbani sitamwita mjinga, na wewe usimwone hivyo. Anayo sababu ya kuogopa. Januari 2016 mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa kosa la ajali ambayo hakuhusika nayo kabisa, na habari zile zilifika kila nyumba huku. Ubaguzi dhidi ya Waafrika India upo. Kadhalika, hili la makombo na unajisi limetumika karne nyingi kuwatenga watu wao wenyewe wa matabaka ya chini. Viko vibanda vya chai vilivyokuwa na vikombe vya Wadaliti, ndio hao wa matabaka ya chini, pembeni na vikombe vya wengine ndani. Katika mji wako huohuo, ulipokuwa ukiitwa Baroda, mwaka 1917 alifika B. R. Ambedkar, amesoma Columbia huko New York, kaja kufanya kazi serikalini. Alifukuzwa kwenye nyumba ya wageni kwa sababu ya tabaka alilozaliwa nalo. Ndiye baadaye aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, na Ibara ya 17 ya Katiba hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1950, imepiga marufuku kumtenga mtu kwa unajisi. Mambo hayajaisha kwa sababu ya kuandikwa.

Basi utatofautishaje? Tazama kama sheria ni ya wote au ni ya kwako peke yako. Glasi uliyonywea, ikishaoshwa inarudi kabatini na nyenzake, au ina mahali pake pa peke yake? Mgeni mwingine asiye Mjaini, mweupe au mweusi, anakalishwa wapi? Ukigusa mkono wa mtoto wao wanamvuta? Ukiona umewekewa kikombe chako mwenyewe cha kudumu nje ya jiko, mama yako amesema kweli, chukua pochi yako uondoke. Katika barua yako sioni hata dalili moja ya hayo. Naona watu waliokuketisha chini pamoja nao, wakakupa sahani kama zao, wakakualika mara tatu.

Kuhusu kubakiza chakula. Kwa Wajaini ukibakiza sahanini umeacha mahali pa uhai kuzaliwa: wanaamini chakula kilichoguswa kikikaa zaidi ya dakika 48 huzaa viumbe visivyoonekana kwa macho, na kukiosha ni kuviua. Ndiyo maana mzee aliisuuza sahani yake akanywa yale maji, hata chembe isibaki. Hufanya hivyo kila siku, uwepo usiwepo. Wewe hulazimiki kunywa, ila usibakize. Na dawa ya kutobakiza ni kupokea kidogo, kwa maana huko sahani ikionekana tupu inajazwa. Kusihi mgeni aongeze ni sehemu ya mapenzi, watakusihi mara mbili na tatu. Ukitosheka, funika sahani kwa kiganja cha mkono wa kushoto, tabasamu, sema “bas”, yaani imetosha. Ukisema tu kwa mdomo hutasikika. Tena wali huko Gujarat huja mwishoni, baada ya chapati na mboga, kwa hiyo acha nafasi. Ukiomba wali mapema wanajua umemaliza chapati.

Chapati zao wanaziita rotli, nyembamba, zimepulizwa na moto, hazina matabaka ya mafuta kama zetu. Humegwa kwa mkono mmoja wa kulia: kidole cha shahada kinakandamiza, gumba na kidole cha kati vinachana. Mwanzoni itakusumbua, ikateleza sahani nzima. Jizoeze chumbani kwako jioni mbili tatu. Mchuzi jipakulie kwenye kibakuli chako, kwa upawa, na upawa ushike kwa mkono wa kushoto. Najua sisi tumefunzwa kushoto hakuingii kwenye chakula. Lakini fikiri: mkono wa kulia unakula, kwa hiyo ndio wenye makombo, wa kushoto umenawa na haujaenda mdomoni. Katika nyumba nyingi kushoto ndiko kunakoshika upawa na glasi. Kutoa na kupokea zawadi ndiko kulia.

Jikoni usichukulie vibaya. Katika nyumba kama hiyo jiko ni mahali pa usafi wa kidini, maji ya kunywa yana pembe yake, watu hawaingii na viatu, wengine hawaingii kabla ya kuoga. Mgeni anayeosha vyombo siku ya kwanza anamwaibisha mwenye nyumba. Zoeana nao, utaitwa ndani mwenyewe.

Keki nayo ina mayai, na kwao yai ni nyama. Hapo India kila pakiti ya chakula ina alama: nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani ni chakula kisicho na nyama wala yai, nyama na mayai alama yake ni ya kahawia, zamani nukta, siku hizi pembetatu. Maduka ya keki yamejaa keki zisizo na mayai, sema tu unataka hiyo. Asali pia usipeleke. Peleka lozi na korosho, au matunda.

Na yule mtoto aliyecheka, msamehe! Kwa Kigujarati “mama” ni mjomba. “Kaka” ni ndugu wa baba, na “dada” ni babu mzaa baba. Ulimwita mwanamke wa watu mjomba mbele ya familia nzima. Mwite “Masi”, yaani mama mdogo, ataona fahari. Na mzee mwite “Dada”, ulimi wako utazoea.

Usije sasa ukadhani umeijua India yote. Ukialikwa na Mabohora hapohapo Vadodara, haohao tunaowafahamu Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, utakuta sinia kubwa moja, watu wanane wameizunguka, na utaanza kwa kuonja chumvi kidogo kabla ya chochote. Pale ukiomba sahani yako peke yako utawashangaza. Ukienda Kerala utakula kwenye jani la mgomba na mchuzi utafika kwenye kiganja, wala hakuna atakayekutazama mara mbili. Kabla ya kwenda kwa yeyote, muulize anayekualika maswali matatu tu: nifike saa ngapi hasa, nyumbani kwenu hamli nini, na nani anapakua.

Sasa Jumapili. Nenda, mwanangu. Kwanza mweleze rafiki yako ulivyofikiri, yote, pamoja na maneno ya mama yako. Ataumia kidogo, kisha atakueleza mambo ambayo mimi siyajui. Viazi karai weka kando: Mjaini mshika dini hali kiazi, kitunguu maji, kitunguu saumu, karoti, wala chochote cha mzizi, maana kuking'oa ni kuua mmea mzima na vyote vilivyojishikiza ardhini. Tangawizi mbichi pia hapana, ingawa manjano ya unga na tangawizi kavu hukubaliwa.

Wapikie mbaazi za nazi. Mbaazi wanazijua, ule mchuzi uliokukolea ni mbaazi hizohizo, wameutia sukari guru. Tui kwao litakuwa jambo jipya. Mahali pa vitunguu tia mvuje kidogo sana, kama punje ya mchele, kwenye mafuta ya moto, pamoja na pilipili mbichi na manjano. Na ndizi mbivu za tui na iliki, hizo mzee atazipenda, hazihitaji meno. Usipike chumbani kwako, sufuria zako zimepikiwa samaki. Omba kupikia kwao, na vyombo vyao. Ukionja, dondoshea mchuzi kiganjani kama walivyokufundisha nyumbani, kisha unawe. Mwiko usiguse mdomo.

Ukiingia, vua viatu nje, unganisha viganja kifuani, sema “Jai Jinendra”, ndiyo salamu ya Wajaini. Halafu mkaribie mzee, peke yake kama inawezekana, umwambie “Micchami dukkadam”. Ni maneno ambayo Wajaini huombana msamaha nayo kila mwaka siku ya Samvatsari, kwa kila ubaya waliofanyiana kwa kujua au kutojua. Siyo siku yake, haidhuru. Mwambie pia kwa nini unayasema, kwamba Desemba hukujua habari ya jua. Rafiki yako akutafsirie.

Mpigie mama yako ukiwa bado uko kwao, kwa video, umwonyeshe mlivyokaa. Muulize Masi mbaazi ziloweke lini, wengine hawataki za kulala majini, na nazi mbili ukanunue Jumamosi. Saa nane mchana uwe umeshafika.

Shangazi yako.